Dishi Kubwa Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada upesi maana mawingu yameanza kukusanyika na roho yangu iko mkononi. Mume wangu ni kinyozi, ana kibanda chake hapa mbele ya nyumba, na televisheni iliyomo ndani ndiyo inayomletea wateja, kwa sababu siku ya mpira watu huja kunyolewa hata kama hawana nywele. Sasa picha inakatakata, mvua ikinyesha inaganda, na upepo ukivuma inaganda vilevile hata kama jua linawaka, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana dishi kubwa ambalo picha yake haitikisiki, basi juzi mteja aliinuka upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine haujaguswa, akavuka barabara na kitambaa chetu shingoni kwenda kumalizia mpira kule, na tangu siku hiyo mume wangu hana raha, anasema ameaibishwa.

Picha ikipotea yeye hupanda juu ya bati, iwe mvua iwe jua, anashika dishi na kulisogeza kidogokidogo, na mimi kazi yangu ni kusimama dirishani nikitazama kioo cha televisheni na kupaza sauti, "Bado! Bado! Imekuja! Aa, imepotea, rudisha!" Wiki iliyopita bati lilikuwa limelowa, nikaona picha imetulia, safi kabisa, nikapiga kelele, "Hapohapo, baba, usisogee!" na kumbe mwenzangu ameteleza, ananing'inia kwenye mlingoti wa dishi, miguu inatafuta ngazi na haipati. Mshauri, nilikuwa nashangilia. Mama mkwe ndiye aliyetoka akaisogeza ngazi, akamwambia, "Mwanangu, shuka. Mpira hautakuzika."

Hakusikia. Amenunua dishi kuukuu la mita moja na sentimita themanini kutoka hoteli iliyofungwa, limeegemezwa uani, kuku wamelifanya kivuli chao, na Jumamosi anataka kulifunga palepale lilipo lile dogo la sentimita sitini, juu kwenye ukuta wa chumba cha mama mkwe, na ukuta huo una ufa unaoanzia kwenye boliti za mlingoti ukashuka mpaka juu ya mto wake, nikiweka kidole kinaingia. Nikimwambia, ananijibu, "Mke wangu, dawa ni dishi kubwa. Acha woga, wewe kazi yako ni kuniambia picha imekuja." Nimefikiria kuukata waya nisingizie panya. Naogopa upepo, naogopa ukuta, sasa naogopa hata sauti yangu mwenyewe. Nifanye nini?

Mke wa kinyozi

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa kinyozi, kabla hujasoma mstari wa pili, kihamishe kitanda cha mama mkwe. Usingoje Jumamosi. Nenda, nakusubiri.

Umerudi? Haya, pole, mama. Barua yako niliisoma nimesimama. Panya waache na maisha yao: ukiukata waya leo, kesho mumeo atapanda kuuunga, na wewe ndiye utakayekuwa umempandisha.

Mimi ni mtu wa mambo ya ndoa, madishi siyajui, kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi anayeyafunga kila siku. Alinikatiza. "Upepo ukivuma na jua linawaka, picha inaganda? Na jamaa aliponing'inia kwenye mlingoti, ikatulia?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akasema, "Basi hilo dishi halina kosa. Ukuta unauachia mlingoti. Uzito wa jamaa ndio uliourudisha mahali pake." Siku zote hizo mumeo anasogeza dishi, kumbe kinachosogea ni ukuta. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na habari zako, lakini leo wamekupata.

Kuhusu saizi, fundi anasema dishi kubwa kweli huvumilia mvua kuliko dogo, ila lilengwe sawasawa kabisa, maana likiyumba kidogo tu picha imekwenda, na upepo ukilikamata hulisukuma kama mlango. Lile la hoteli kwenye ukuta wenye ufa, sitaki hata kufikiria. Saizi hufuata setilaiti mnayopokea na mahali mlipo, haifuati dishi la jirani. Kwa nyumba nyingi sentimita sitini zinatosha, penye mvua nyingi chukueni tisini, na fundi apime kwa kipimo chake kabla hamjanunua. Mvua kubwa hasa huikata picha hata kwa huyo wa ng'ambo, na dawa yake ni kusubiri ipite.

Mumeo mwambie kinyozi hajinyoi, na dishi hajifungii. Aitwe fundi siku kavu, alishushe lile dogo, alifunge kwenye mlingoti uliosimikwa ardhini kwa zege, uani, pasipo na mti wala paa la kuliziba. Hapo likihitaji kusogezwa litasogezwa na mtu aliyesimama chini. Mwashi autazame ufa kabla mama hajarudi chumbani. La hoteli liuzeni, au waachieni kuku.

Sasa zamu yako. Unaogopa upepo, unaogopa ukuta, halafu mawingu yakitanda unakwenda kusimama dirishani. Mtu aliye juu ya bati hakioni kioo, dada yangu. Anapanda kwa macho yako na anabaki huko kwa sauti yako. Ungekaa kimya siku moja, angekuwa anasogeza dishi kama kipofu, na hata kichwa kigumu huchoka na kazi hiyo.

Basi akipanda tena, zima televisheni. Toka nje uishike ngazi kwa mikono miwili. Atauliza kutoka juu, "Imekuja?"

Mjibu, "Shuka kwanza."