Baiskeli Yako Ilinizidi Kimo

Dada yangu Ndinda,

Baiskeli yako nimeirudisha nyumbani kwako Mukuyuni. Nilitaka ulisikie jambo hili kutoka kwangu, kwa sababu mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sitaiachilia, na unajua mdogo wako akishatamka neno mbele za watu hulishikilia hata likimuumiza. Hili liliniumiza kweli. Lilianza na mabega, likaja shingo, mwishowe viganja.

Shemeji Kioko alinipa mwenyewe, miezi michache baada ya kukuzika. Aliitoa nyuma ya kochi, ulikokuwa ukiificha ili wageni wasiichezee gia, akaipangusa kwa mkono wa shati lake. "Chukua," akasema. "Mimi siwezi kuiona kila asubuhi." Sikuuliza kama itanifaa. Nani angeuliza? Niliifunga kwenye pikapu ya jirani, nikaipeleka Ikutha, nikaiegemeza kando ya ile yangu ya njia za vumbi.

Wewe ulirefuka kama baba, mimi nikabaki mfupi kama mwaitu, mama yetu. Kule Migwani tulijifunzia kwa baiskeli moja nyeusi ya baba. Wewe ulikuwa ukikaa kitini kama mtu mzima huku mimi nikipitisha mguu katikati ya fremu, nimekunjika ubavu mmoja, na bado nikitaka kukushinda mpaka kisimani. Halafu ukaolewa karibu na lami ya Machakos kwenda Wote, ukaanza kufundisha, na likizo moja nikakukuta na baiskeli nyembamba yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Mimi nilikuwa nimepelekwa Ikutha kutibu mifugo. Miaka kumi na miwili nimepita kwenye mchanga na makorongo kwa matairi manene, mkoba wa dawa mgongoni, nikifuata mbuzi na ng'ombe mahali gari haliingii. Nimeshindana milimani pia, nikarudi na vikombe viwili. Nilijiona bingwa, Ndinda, na hukuwahi kunikatalia.

"Wewe unaendesha kama unafukuza ndama," uliniambia siku ile.

"Na wewe kama umebeba trei ya mayai."

Ulicheka mpaka ukashuka kwenye baiskeli.

Kila Ijumaa jioni ulinipigia simu. "Wakya!" ulikuwa ukinisalimu, nami nikikujibu "Aa," na kabla sijauliza habari za watoto unasema, "Njoo kesho. Nimekuazimia baiskeli kwa mwalimu mwenzangu. Tufike Wote tu, turudi." Kila mara nilikuwa na sababu. Mara ng'ombe wa mtu anazaa vibaya, mara ni msimu wa chanjo, mara safari ni ndefu. Siku moja nilikwambia ukweli wangu wa wakati huo: "Lami inachosha, dada. Huko hakuna kitu ila kukanyaga pedeli." Ulinyamaza kidogo, kisha ukasema, "Sawa, Mueni. Chanjo zikiisha." Chanjo ziliisha. Nikaenda vilimani na marafiki zangu, na nikakutumia picha.

Kisha ukaugua. Ulipolazwa nilikuja, nikakukata kucha, nikakupaka mafuta miguuni. Miguu yako ilikuwa bado ya mwendesha baiskeli, imara, wakati sehemu nyingine zote zilikuwa zimekwisha. Hukuzitaja zile Jumamosi hata mara moja. Mimi pia sikuzitaja.

Kwa hiyo nilipopewa baiskeli yako nilijiapiza kwamba nitaiendesha safari zote ulizokuwa umebakiza. Lami sasa imefika hata Ikutha, sikuwa na kisingizio. Nilidhani mtu aliyezoea mawe hawezi kushindwa na barabara laini. Asubuhi ya kwanza nilibana breki kama ninavyobana nikiteremka korongo, nikaruka juu ya usukani mbele ya vijana wa bodaboda.

"Daktari! Leo ng'ombe amekupiga teke?"

Nilicheka nao huku goti likivuja damu. Lakini nilikuwa nimeanza kuiogopa. Ile yangu ya vumbi ina shoku zinazomeza shimo. Yako ilinipelekea kila shimo mpaka kwenye meno. Nikigusa usukani kidogo tu, inakimbilia upande. Na ilikuwa ndefu! Nilishusha kiti mpaka chini kabisa, fundi wa hapa akabadilisha kile chuma kinachoshika usukani akaweka kifupi, na bado nililala juu yake kama mtu anayechungulia kisima. Kila Jumamosi nilienda hivyo hivyo. Watu wa kanisani walinipongeza kwa kukuenzi. Nikanyoosha mgongo na kuitikia asante.

Kilichonizindua ni mbuzi. Nilikuwa nachanja kwa mama mmoja mjane, sindano mkononi, na vidole viwili vikakataa kuhisi. Chupa nzima ya dawa ilianguka ikavunjika. Mama yule alidhani naumwa. Nilikaa chini ya kivuli cha boma lake, nikijikanda kiganja kilichokufa ganzi kwa kuulalia usukani wako, na kwa mara ya kwanza nikajiambia kwamba hii si heshima tena.

Nilikuja Mukuyuni kwa Nzioka, fundi wako. Aliitambua baiskeli kabla ya kunitambua mimi. "Hii ni ya mwalimu," akasema, akiishika kiti. Nikamwomba aifanye initoshe. Alinipandisha, akanizunguka mara mbili, akanipima mkono kwa kamba, akarudi akakaa kwenye gurudumu la trakta.

"Daktari, miguu naweza kukusaidia. Nikishusha kiti, miguu inafika. Lakini mikono siwezi kurefusha. Fremu ya mwalimu ni ya mwalimu."

Nililia pale, Ndinda, katikati ya tyubu kuukuu na makopo ya grisi. Nzioka hakuniambia ninyamaze. Aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akaendelea kupaka cheni ya mtu mwingine mafuta mpaka nilipopangusa uso.

"Sasa tukutafutie yako," akasema.

Alikuwa nazo chache, za mtumba. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye moja nyekundu, nyepesi, ambayo niliiinua kwa vidole. Kiburi cha vikombe viwili kilikuwa hakijaisha. Nzioka alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya mtu wa mashindano. Utainama kuliko ulivyokuwa umeinama kwa hii. Unashindana na nani huku?"

Nikairudisha chini.

Akavuta nyingine, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Kwa sura haikunivutia hata kidogo. Akanionyesha: usukani wake umepinda vile vile lakini umekaa juu zaidi, karibu na mwili. Matairi ni membamba, ila si kama uzi, yanavumilia kingo za lami zilizomeguka. Gia zake zina moja nyepesi kabisa ya kupandia milima. Breki zake ni kama za ile yangu ya vumbi, mikono yangu inazijua tayari. Hata pedeli akasema nitumie zangu za zamani mpaka nizoee.

"Panda. Wacha kuiangalia, panda."

Nilienda mpaka kwenye geti la shule nikarudi. Mikono ilifika yenyewe. Sijui nikueleze vipi. Ni kama ile siku unabadilisha viatu baada ya kuvaa vya mtu mwingine safari nzima. Nzioka alinisimamisha mara moja tu kunirekebisha: "Unaangalia hapa mbele ya tairi. Mchangani unatafuta jiwe, najua. Kwa lami tazama mbali, na ulegeze viwiko." Nikarudia. Ikanyooka.

Kazi ngumu ilibaki kumwambia shemeji. Nilifika nimejiandalia maneno, nikayasahau yote mlangoni. Nikasema tu, "Shemeji, inaniumiza. Nimeirudisha." Aliipokea, akaiegemeza ukutani. Kisha akamwita Mwikali, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni. Ungemwona binti yako, dada! Anainama kupita mlangoni. Shemeji akachukua spana, akakipandisha kiti taratibu, akifuta grisi kwa kidole gumba, mpaka ule mkwaruzo wa alama ya kimo chako ulipojitokeza kwenye chuma. Akakaza hapo. Mwikali akapanda, na mguu ukanyooka sawasawa kwenye pedeli. Shemeji aliingia ndani, tukasikia anafungua bomba la maji na kuliacha limwagike.

Jumamosi iliyopita tulitoka wawili kuelekea Wote. Kwenye mteremko wa kwanza Mwikali alisimama kando akiwa ameishika breki kwa nguvu.

"Anti, ulijua Mama alikuwa anaogopa malori?"

"Ndinda? Haogopi kitu."

"Aliogopa sana. Peke yake alikuwa anafika pale kwa posho mill ya kusagia unga, anageuka. Kila akimaliza kuongea na wewe Ijumaa alikuwa anamwambia Baba, 'Labda wiki ijayo atapatikana mtu wa kukaa nyuma yangu na kunisikilizia malori.'"

Mtu wa kukaa nyuma yako. Miaka yote nilidhani unataka kunionyesha lami. Nilidhani ni ule ushindani wetu wa kisimani. Kumbe hukuwahi hata kufika Wote kwa baiskeli. Kwa nini hukusema, dada? Nami kwa nini sikuuliza ile siku uliponyamaza kwenye simu? Nimelibeba swali hilo wiki nzima, kazini na kanisani, na sijapata jibu la kunipumzisha. Ninachoweza ni kukuomba unisamehe zile Jumamosi, zote, pamoja na ile ya picha.

Pale barabarani sikumwambia Mwikali mengi. Nilimwambia, "Tangulia." Akatangulia, mgongo ule ule wako, nami nikakaa nyuma yake na kutega sikio. "Lori!" nikaita, akabana kushoto, likapita. "Limepita! Endelea!" Likaja jingine. Nikaita. Basi, trela, pikapu ya nyanya, nikaita zote. Tulipopita posho mill hakugeuka.

Karibu na Wote aliniangalia juu ya bega. "Anti, hata bodaboda unanitangazia?"

"Hata hiyo," nikamwambia. "Angalia mbele."

Tulifika, dada. Sauti ilikuwa imenikauka kabisa, hata chai ilibidi Mwikali aniagizie.

Pumzika salama, mwendwa wangu.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mueni