Jina la Kohinur

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Geti limefungwa. Kufuli jipya, bado lina karatasi ya dukani. Tangazo linasema kiwanda kimesimama "kwa muda usiojulikana". Tumejaa barabarani watu kama mia tatu, kila mtu na kibebeo chake cha wali mkononi, tunatazamana kama wanafunzi waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Miezi mitatu hatujalipwa, bado ovataimu ya kabla ya Idi. Mlinzi ananong'ona kwamba Ijumaa yalikuja malori mawili yakabeba mashine. Na ovaloki yangu, cherehani ya kufunga kingo! Miaka saba nimeikalia.

Rotna, ninayekaa naye chumba kimoja, alilia mpaka akaketi chini kwenye tope. Mimi sikulia. Nilikuwa naogopa kitu kingine.

Jumatano, 7 Septemba

Mkutano uwanjani, nyuma ya msikiti. Dada Lovely wa chama cha wafanyakazi kapanda juu ya benchi — mfupi, lakini sauti ya honi ya lori. Tunashtaki, kasema. Mahakama ya Kazi, Dhaka. Kila mtu alete kadi ya kiwanda na kitambulisho cha taifa, chenyewe, siyo kopi.

Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia.

Niandike hapa, maana sijawahi kuliandika popote. Mimi ni Anwara. Kiwandani hakuna Anwara. Nilipokuja mji huu wa Narayanganj kuomba kazi nilikuwa na miaka thelathini na sita, mume nimeshamzika, na pale mlangoni walikuwa hawataki mtu aliyevuka thelathini. Mdogo wangu Kohinur akanitolea kopi ya kitambulisho chake. "Chukua, dada. Jina halipungui kwa kutumiwa na wawili." Picha ya kopi ilikuwa ukungu mtupu, na pua tumechukua moja, ya baba. Toka siku hiyo mimi ni Kohinur. Mwenye nyumba ananiita Kohinur. Rotna ananiita Kohinur. Nikiitwa Anwara njiani huenda nisigeuke.

Jumapili, 11 Septemba

Ofisi ya wakili, ghorofa ya tatu, ngazi zinanuka mkojo. Wakili Saha ni mzee, mdomo mwekundu kwa tambuu. Tulipanga foleni watu arobaini na wawili. "Kitambulisho?" Kiko kijijini, nikasema. "Kiletwe." Akanisogezea fomu. Nikasaini Kohinur Begum. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 13 Septemba

Nimeshindwa kunyamaza. Nimerudi kwa wakili peke yangu nikamwambia yote. Alinyanyuka, akaenda kutema dirishani, akarudi, akakaa.

"Mama, umesaini hati ya mahakama kwa jina la mtu mwingine, unaniambia leo?"

"Naogopa, mheshimiwa."

"Afadhali uogope."

Halafu akapoa. Aliyeshona ndiye anayedai, kasema, tutarekebisha madai. Ila upande wa pili wataimba ulaghai asubuhi mpaka jioni. Dawa ni moja: mdogo wangu aje aape mbele ya mahakama kwamba jina ni lake na kazi ni yangu.

"Atakuja?"

"Nimemlea mimi, toka mama alipokufa."

"Sikukuuliza hilo, mama. Nimekuuliza kama atakuja."

Alhamisi, 22 Septemba

Siku tisa simu ya Kohinur haipokelewi. Leo kapokea. Niliongea haraka haraka, mahakama, kiapo, tarehe.

Kohinur akanikatiza. Akasema mwaka juzi wakati wa mafuriko waliandika majina ya watu wa kupewa kadi ya mchele. Lake wakalikata. Yule wa serikali ya mtaa akamwambia, wewe mama umeajiriwa mjini, mshahara unaingia kila mwezi kwa namba ya kitambulisho chako, huoni haya kugombea mchele wa maskini? Mbele ya watu wote.

"Miaka saba nina kazi nzuri mjini, dada," akasema. "Na hata mlango wake siujui."

Mumewe, Jalal, akachukua simu. "Shemeji, salama? Sikiliza. Jina ni la kwetu, jasho ni lako. Nusu kwa nusu." Halafu akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka kiwandani. Kawaletea sukari na mafuta. Mtu mwenye adabu sana.

Wamefika kabla yangu!

Ijumaa, 23 Septemba

Sijala. Rotna kapika dengu, kaniachia, zimeganda.

Sikujua habari ya kadi ya mchele. Ni kweli sikujua? Mwaka juzi alinipigia akauliza, kwa mzaha mzaha, kama mjini mchele ni bei gani. Nikamtumia hela kidogo. Nikajiona mwema wiki nzima.

Jumamosi, 1 Oktoba

Meneja kaniita. Si kiwandani, kwenye ofisi ya binamu yake juu ya duka la vigae. Chai, biskuti, feni inazunguka. Nilijua amenunua chai hiyo kwa sababu.

"Dada Kohinur," kasema. Kisha akacheka. "Au nikuiteje?"

Nikasogeza kikombe pembeni.

Akanieleza polepole, kama kwa mtoto. Kughushi jina ni jela. Mimi na mdogo wangu pia, maana kanisaidia. Ana watoto wangapi? Watatu? Pole yake. Lakini yeye meneja hapendi mambo ya polisi. Kuna karatasi hii: nimepokea haki zangu zote, sidai tena. Nikisaini napata mshahara wa mwezi mmoja, papo hapo. Rotna kasaini jana.

Rotna! Na jana alinipikia samaki bila kusema kitu.

Nilichukua kalamu. Niandike ukweli — niliichukua, na nilitaka kusaini. Miguu ilikuwa inaniuma, nilitaka tu kwenda nyumbani. Nikamuuliza nisaini jina gani.

"Lolote," akasema. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

Lolote! Miaka saba nikichelewa dakika tano wanajua ni Kohinur wa mstari wa nne, wanamkata mshahara. Siku ya kumlipa ni lolote. Nikaweka kalamu juu ya biskuti zake nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi kama nusu saa, nikifikiria watoto watatu wa Kohinur.

Jumapili, 2 Oktoba

Rotna anasema mama yake anahitaji dawa. Najua. Nimemwambia sina kinyongo. Ninacho. Kaniuliza jina langu hasa ni nani, nikamwambia. Akalijaribu mdomoni mara mbili, Anwara, Anwara, akasema halinikai.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mahakama. Wakili wao "anaumwa". Imeahirishwa. Nauli imekwenda bure, mvua imetunyeshea wote thelathini na mmoja. Tulikuwa arobaini na wawili.

Jumanne, 8 Novemba

Kohinur amekuja! Lakini hakuja kwangu.

Dada Lovely ndiye aliyeniambia, kamwona na Jalal wakishuka basi. Wamefikia nyumba ya wageni karibu na stendi, yenye feni na choo ndani. Jalal hana pesa ya nyumba ya wageni. Jalal hana pesa ya soksi.

Nikaenda. Nilimpelekea pitha za nazi, zile keki za unga wa mchele alizokuwa akizililia utotoni. Jalal akafungua mlango nusu: "Amelala, shemeji. Safari ndefu." Nikamwona nyuma yake, amekaa kitandani, macho wazi. Amekonda. Tulitazamana juu ya bega la mumewe. Hakusema 'nimeamka', wala hakuniambia niende.

Jalal kazipokea pitha.

Nimempigia wakili. Kavuta pumzi. "Kesho basi tutajua ni shahidi wa nani."

Jumatano, 9 Novemba

Naandika koridoni, mahakamani. Saa saba na nusu mchana. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi wakili wao alisimama — suti, sauti ya asali. Mheshimiwa, huyu mama ni mwongo wa miaka saba. Kohinur Begum wa kweli tunaye hapa, ni shahidi wetu, na hajawahi kushona fulana hata moja maishani mwake. Kwa hiyo hakuna mfanyakazi, na pasipo mfanyakazi hakuna deni. Watu wakaguna. Mwenyekiti wa mahakama akanitazama juu ya miwani, akatazama saa, akasema tutaendelea saa nane.

Wakili Saha hajatafuna tambuu leo. Anasema Kohinur akishasema hivyo chini ya kiapo, madai yangu yamekufa, na huenda wakaniacha humu humu mikononi mwa polisi. Akisema mengine, anajitia hatiani yeye mwenyewe. "Mimi nisingemlaumu," kasema. Hata mimi. Ningekuwa yeye, na kadi ya mchele ile, na watoto watatu?

Benchi la pili, Jalal anakula biriani aliyonunuliwa na karani wa wakili wao. Kohinur hali. Sahani iko mapajani, kijiko hakijaguswa. Amevaa sari ya bluu niliyomtumia Idi ya mwaka juzi. Au nimekosea, bluu ziko nyingi.

Nilitaka kwenda kumwomba radhi. Siyo kwa ajili ya kesi, kwa ajili ya mchele. Nimesimama mara mbili nikakaa. Ataona nimekuja kununua ushahidi, kama wao. Dada Lovely ananiambia niache kutafuna upindo wa sari.

Saa nane kasoro. Watu wanarudi ndani. Wakili wao kapita, kamwinamia Kohinur, kamwambia jambo sikioni. Kaitikia kwa kichwa. Kaitikia!

Mlango umefunguliwa. Karani wa mahakama anasoma kwenye jalada: "Kohinur Begum!"

Sote wawili tumeinua vichwa. Jalal kampiga kiwiko — simama, ni wewe.

Hajasimama. Karani anaita tena. Kohinur kaweka sahani ya biriani sakafuni, taratibu, kanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu asubuhi, na sauti yake imesikika korido nzima.

"Dada, huyo anakuita wewe. Acha kuandika."