Gasto Mlangoni

Kibondo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba na sasa unafika sokoni bila kushikwa mkono. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Mwandiko wenyewe utakuonyesha.

Nilikwambia kwenye simu kwamba jirani yetu, Mwalimu Filbati, anatufundisha Kiesperanto kwenye baraza ya duka letu. Ukacheka, ukasema lugha isiyo na kwao. Juzi alitueleza neno gasto, yaani mgeni. Limetoka kwa Wajerumani, alisema, lakini mzizi wake ni wa watu wa kale sana, ambao hata kuandika walikuwa hawajui. Kwao mgeni na anayempokea waliitwa neno moja. Mzizi huohuo ulipofika kwa Warumi, ukazaa neno la adui.

Jana mchana mume wangu Hamadi alikuwa ameenda Nyabibuye kununua maharage. Siku hizi watu wanatekwa barabarani kwa mapanga, kwa hiyo nilifunga duka mapema. Mvua inanyesha, mara nasikia hodi. Nikachungulia dirishani: mzee mrefu, shati limechanika, damu sikioni. Akasema Kirundi, sikuelewa. Akaiona nyota ya kijani, alama ya Kiesperanto, tuliyoichora mlangoni, akaigusa.

"Gasto," akasema. "Mi estas gasto."

Mimi ni mgeni. Mama, neno hilo halikunituliza. Lililonijia kichwani ni lile la adui. Nikashika panga, ndipo nikafungua. Alipoliona alirudi nyuma, mikono juu, meno yakigongana. Alikuwa ananiogopa mimi! Nikamvuta ndani.

Hajamaliza chai, vijana wakafika na marungu.

"Mama, kuna mwizi amekimbilia huku. Hujaona mgeni?"

"Nimemwona," nikasema. "Ni mgeni wangu."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Haya. Hamadi akirudi atatueleza vizuri." Wakaondoka.

Jioni Mwalimu akanieleza: kumbe mzee ni mwenzake wa Kiesperanto, alitoka Burundi kumtembelea. Huko njiani vijana hao walimsikia hajui Kiswahili, wakamwita mwizi, wakampiga. Leo asubuhi Mwalimu amempeleka Kasulu akatibiwe. Lakini wale vijana wanapitapita mbele ya duka na hawanisalimii, na Hamadi bado hajarudi. Simu yake haipatikani. Mtu akikohoa nje, nashtuka.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi wa vitumbua, na bibi mwambie dawa yake nimeipata. Niombee dua, mama. Baba usimsomee barua hii mpaka nikupigie kwamba Hamadi amefika. Presha yake naijua.

Mwanao akuwazaye,
Zuhura