Anayeulizwa Kila Asubuhi

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, mgongo umepoa, na ule ubaridi wa chumba chako ulioulalamikia mwaka juzi umepata dawa. Kazi inaendaje? Unakula ukiwa umeketi, au bado unakula umesimama kama mtu anayekimbizwa? Sisi hapa hatujambo.

Hilo neno limetoka kwa mazoea tu, nitalirudia baadaye. Kwanza nimalize salamu, nisije nikaambiwa nimekosa adabu kwa sababu nimepata kazi ya kompyuta. Mama anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, na anasema mvi alizoziona kwenye picha yako ni za kujitakia, maana baba yetu alizeeka bila hata moja.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Jirani yetu mshonaji anakuja huko kumwangalia binti yake aliyejifungua, nikaona nimpe mkononi. Ujumbe wa simu ukishafika unaweza kuulaza hapo hata mwaka. Mshonaji halazwi. Unamjua, atasimama mlangoni mpaka uifungue akiona.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi, na ni katika ofisi ya Nakuja. Nimepewa hata meza yake. Jina hilo sijaliandika popote tangu tumzike mdogo wetu, na sasa nimeliandika nikaona mkono haukukatika. Unakumbuka lilivyoanza: Mama akiita chakula, yeye anajibu "nakuja" kutoka chumbani, na chakula kinapoa, na sisi tunagawana nyama yake.

Wewe ulipata taarifa kwa simu tu, kwa hiyo acha nikueleze kidogo. Aliamka vizuri siku ile. Huko ofisini kichwa kilimuuma, akaomba maji, akakilaza mezani, na wenzake wakadhani anapumzika. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani na kwamba hata angefikishwa mapema isingesaidia. Sijui kama madaktari humwambia kila mtu hivyo ili watu wasilaumiane. Alikaa siku chache bila kututambua, kisha akatutoka.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana najua unajiuliza dada yako wa mapokezi anatafuta nini kwenye kompyuta. Unajua nilikuwa nikikaa kwenye dirisha la hospitali, naandikisha wagonjwa miadi. Ikaja programu ya kuweka miadi kwa simu, dirisha likafungwa, nikarudi nyumbani. Programu hiyo inatengenezwa na ofisi ya Nakuja. Aliona aibu, masikini, kana kwamba yeye ndiye aliyekivuta kiti nikiwa nimekikalia. Ndipo akasema atanifundisha kuipima, akaanza kunifundisha kwenye meza hii hii, Mama akimenya vitunguu upande wa pili na kutuomba tuondoe nyaya zetu kwenye ubao wake.

Alianza na kitu kiitwacho API. Nikamwambia kwanza aseme Kiswahili. Akasema: dada, hilo ni dirisha lako. Programu moja inasogea dirishani, inaomba kitu kwa utaratibu uliowekwa, na iliyoko ndani inajibu. Anayeomba haoni ndani kuna nini. Jibu huja na nambari: mia mbili maana yake sawa, chukua, mia nne na nne maana yake ulichoomba hakipo. Kupima ni kusogea dirishani wewe kabla ya mgonjwa, ukaomba kila kinachoombeka, hata cha kipuuzi, uone kama unajibiwa inavyopasa. Na kwa kuwa binadamu huchoka, unaandika programu ndogo inayouliza maswali hayo yote yenyewe kila asubuhi. Swali likijibiwa vizuri linawaka kijani, likikosewa linawaka jekundu. Hapo nilielewa. Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa ya kipuuzi dirishani kunizidi mimi.

Baada ya arubaini, mkuu wa wapimaji alikuja kututazama. Ofisini wanamwita Bi Kasoro, kwa kuwa hata ukimpa maji ataangalia glasi chini. Alikaa na Mama, kisha wakati wa kuaga akaniambia kwamba Nakuja alikuwa akinisifu kazini, na kwamba kama naweza, nije nijaribiwe. Nilikubali kabla sijafikiri. Nilichokuwa nataka, Kaka, ni kukaa alipokaa.

Kazi yangu ya kwanza ilinitia aibu. Niliandika majaribio yangu mengi kwa fahari, yakawaka kijani yote, nikaita watu waone. Bi Kasoro akaizima huduma nzima, dirishani pasiwe na wa kujibu, akaniambia niyaendeshe tena. Yakawaka kijani vile vile. Nilikuwa nimeuliza maswali na kusahau kuyapima majibu. Akasema kila anayejifunza hufanya kosa hilo mara moja, na kwamba jaribio lisiloweza kushindwa halijakuambia kitu.

Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuta majirani wamekuja kumpa Mama pole. Kila mmoja anaingia, habari za hapa, na Mama anajibu nzuri. Mnaendeleaje, salama. Hamjambo, hatujambo. Watu wakanywa chai, wakaondoka wameridhika, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba yule mama hajala tangu jana yake. Nilisimama na sinia mkononi nikaona kijani, kijani, kijani. Nawe uliponiandikia siku zile za mwanzo "Mama hajambo?" nikajibu "hajambo", sote wawili tukaenda zetu.

Kwa hiyo sasa nilirudie lile neno. Mama amekonda. Anapika chakula cha watu watatu, na cha tatu anakifunika. Nami sithubutu kukifunua. Anapokwenda sokoni bado anauliza bei ya viatu vikubwa, vya miguu ya Nakuja. Mimi nikiwa kazini najitahidi, nikifika nyumbani nachoka kuwa mtu mzima. Hivyo ndivyo tulivyo.

Kuna jambo jingine nililolikuta kwenye meza ile, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Anayepima huhitaji wagonjwa wa kubuni, watu wa kuulizia. Wenzake huandika Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili. Nakuja alituandika sisi. Mama ndiye mgonjwa mwenye miadi, na kila asubuhi lazima aonekane kwenye orodha, asipoonekana kila kitu kinasimama. Mimi, Kasuku, ndiye anayeomba jambo moja mara mbili, na programu haitakiwi kumpa miadi miwili kwa sababu tu ya mdomo wake. Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa meza akageuka.

Kisha nikafika kwenye jaribio la mtu asiyekuwepo. Hilo ni la lazima: unamuulizia mtu ambaye hayumo, ili uhakikishe programu itasema kweli kwamba hayumo, isije ikakupa habari za mtu mwingine. Hapo alijiandika mwenyewe. Nakuja. Bila shaka alikuwa akijitania kwa kukosekana mezani kila siku, maana hilo lilikuwa kosa lake na alilijua. Tangu tumzike, Kaka, kila asubuhi mashine imekuwa ikisogea dirishani na kumuulizia mdogo wetu. Inajibiwa hayupo. Na inawaka kijani, kwa sababu hilo ndilo jibu sahihi.

Sikulia msibani, nadhani ulisikia, na kuna waliosema nina moyo wa jiwe. Nililia siku hiyo, chooni, bomba likiwa limefunguliwa ili wasisikie. Bi Kasoro alisikia. Hakuniambia nyamaza. Alinipa karatasi za kujifutia, akakagua kama zimetosha, akaongeza.

Wewe pia umo. Kuna jaribio la ucheleweshaji: huduma inafanywa ichelewe makusudi, ili kuona kama anayeuliza atasubiri au atakata mapema. Hapo aliandika Mkubwa, na kando yake maneno haya: "Mkubwa huchelewa kujibu, lakini hujibu. Usimkatie." Hiyo ndiyo hukumu aliyokuwekea, na aliiweka akiwa mzima, anakula, anakunywa, hajui kitu.

Ofisi imeagiza majina ya watu halisi yaondolewe yote, yawekwe ya kubuni. Ni sheria nzuri nami siipingi. Bi Kasoro alijitolea kuifanya kazi hiyo yeye. Nikasema hapana, hao ni wa kwetu, nitawatoa mwenyewe. Nimemtoa Mama, nimejitoa mimi. Kumtoa Nakuja kulinichukua asubuhi nzima, na ni kubadilisha neno moja tu. Kesho yake mashine ilimuulizia mtu nisiyemjua, ikaambiwa hayupo, ikawaka kijani kama kawaida. Nilidhani nitaona tofauti.

Jina lako bado halijatoka. Nililifungua, nikalisoma, nikalifunga. Nilimuuliza Bi Kasoro mtu anapaswa kusubiri muda gani. Akasema ni juu ya mpimaji, ila lazima pawe na kikomo, kwa sababu jaribio linalosubiri bila kikomo linazuia yote yaliyo nyuma yake. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema, lakini akili yangu ilikuwa nyumbani kwa Mama.

Nikueleze anachofanya. Kila akimaliza chai ya asubuhi anachukua simu na kupiga nambari mbili. Ya kwanza ni ya Nakuja. Ile sauti ya mwanamke inamwambia nambari hiyo haipatikani, naye anaisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Ya pili ni yako. Hiyo inaita. Inaita mpaka inakatika yenyewe, na yeye anabaki ameishika. Juzi nilikuwa navaa viatu, nikamwambia Mama, weka basi hiyo simu, umechelewa kunywa dawa. Alinijibu bila kuniangalia.

"Ya mdogo wako naambiwa haipatikani, basi naweka chini, naosha vyombo. Ya kaka yako inaita tu, mwanangu. Nikiiweka chini naogopa, huenda ndiyo alikuwa anataka kupokea."

Vyombo vinamkuta hapo hapo mpaka mchana.

Najua kwa nini hupokei. Hukuweza kuja kuzika, ulinyimwa ruhusa kazini, na sasa kila simu kutoka nyumbani unaisikia kama lawama. Kaka yangu, hapa hakuna anayekulaumu. Udongo ulitosha, watu walitosha, jeneza lilibebwa. Aliyekosekana ni wewe tu, na bado unakosekana, na hilo la pili ndilo linalotuumiza. Mimi nimejifunza jambo moja katika kazi hii ambalo nakuandikia kama lilivyo: "hayupo" ni jibu. Linauma, lakini mtu akilipata anajua la kufanya na mikono yake. Kinachomshinda Mama ni kuita bila jibu. Tayari ana mtoto mmoja ambaye hatapokea tena. Usimfanye awe na wawili.

Sikuombi uje, ukiweza utakuja. Sikuombi ulete chochote. Pokea tu. Hata kama ni kusema huna la kusema, sema hilo, naye atasikia unavyopumua.

Nisalimie shemeji yangu na umwambie lile shuka alilotuma ndilo alilofunikwa Nakuja hospitalini, nasi tunamshukuru. Watoto wabusu vichwani, yule mdogo mwambie shangazi yake anajua sasa kompyuta inavyojibu, aache kuipiga ngumi. Mshonaji mpe chai na umruhusu aseme anayotaka kusema, amesafiri nayo mbali. Mungu akulinde unapoingia na unapotoka, akupe usingizi, na moyo wako aupe nafasi ya kulia panapofaa.

Jina lako nitaliacha lilivyo kwa sasa, nami lawama za Bi Kasoro nitazibeba. Kesho asubuhi, baada ya chai, simu yako itaita, na keshokutwa pia. Siku utakapopokea, Mama ataanza kwa kukuuliza hujambo, maana ndivyo alivyo. Usimjibu sijambo. Mwambie ulivyo.

Wako akupendaye na anayekungoja,
Dada yako, Kasuku