Shimo la Muchanga pa Keshero

Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu, 2024

Mama Annonciata, jambo kwako. Afya yako iko namna gani? Mimi ni muzima, ila nina hasira, na kwa sababu unanikatia simu, nakuandikia.

Jirani yako Perpétue ameniambia unamupeleka mutoto wangu Bénie ufukweni mwa ziwa, unachimba shimo katika muchanga na kumukalisha ndani ili mugongo ukomae. Mama, kambi ya wakimbizi wa vita iko hapo juu! Vyoo vimejaa, na mvua inashusha uchafu wote katika muchanga huo. Acha. Nilikuachia mutoto kwa kuwa vita ilikata barabara, sikukupa.

Binti yako, Rosette

Keshero, tarehe 19 mwezi wa tatu

Rosette, tunakusalimia. Hatuugui, pole kama ulitarajia.

Benny niliyemuzaa mimi alijifunza kukaa katika muchanga huo huo. Bomu lilipomuua pale Kibati, wewe muke wake ulikimbilia biashara huko Butembo. Nani alibaki na mutoto? Sasa unanifundisha kulea! Maji ya ziwa nayajua, kolera ya mwaka wa tisini na nne ilitufundisha. Bénie hagusi maji hayo hata tone, namuogesha ya kuchemsha. Muchanga ni mukavu, jua limeuchoma. Perpétue achunge watoto wake.

Mama mukwe

Butembo, tarehe 2 mwezi wa ine

Mama, salamu nazifupisha. Munganga wa hospitali anasema uchafu unadumu katika muchanga kuliko katika maji, na mutoto anayenyonya vidole anaula. Bénie ananyonya vidole! Ukimurudisha pale, hautamuona tena. Natafuta njia ya kupitia Uganda nije kumuchukua.

Muke wa Benny

Keshero, tarehe 11 mwezi wa ine

Binti yangu Rosette, salamu nyingi sana, Mungu akulinde njiani. Simu yako haishiki.

Jumapili Bénie alikaa peke yake mule shimoni. Nilipiga vigelegele. Jumanne akaanza kuhara maji matupu. Sasa yuko kwenye kitanda cha kolera, kile chenye tundu katikati, na shingo yake haibebi kichwa. Munganga aliniuliza mutoto alikula nini. Nikamuonyesha vidole vyake.

Utanitukana baadaye. Njoo kwanza.

Mama yako

Butembo, tarehe 26 mwezi wa tano

Mama Annonciata,

Bénie amepona. Tangu nilipokuja kumuchukua, anakaa vizuri hapa kwangu juu ya mukeka. Ungekuwa unamuchukia, ningekusahau upesi. Ulimupenda na haukusikia, hiyo ndiyo inaniuma.

Perpétue anasema kila Jumapili unachimba lile shimo, unakaa kando yake na kulia. Ukimaliza kulia, lifukie. Watoto wa wengine wanaingia humo.

Mama Bénie