Modemu Juu ya Kabati la Mama Mkwe

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza nyuma ya banda la kuku, maana hapa tu ndipo simu yangu inaposhika mtandao, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu kama walivyonihukumu wengine.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nina mke na mtoto mmoja, na mwaka jana ofisi yetu iliruhusu watu kufanyia kazi nyumbani, mke wangu akasema kama ni nyumbani basi twende kijijini kwa mama yake, mwalimu mstaafu, kuna nafasi na hewa nzuri, nami nikakubali bila kuuliza habari za mtandao. Tulipofika nikanunua modemu, kile kisanduku cheupe unachokitia laini ya simu kikasambaza intaneti nyumba nzima, nikazunguka nacho sebuleni, jikoni, stoo, mpaka bafuni, taa ikabaki nyekundu tu, ila nilipoingia chumbani kwa mama mkwe, ambaye wiki hiyo alikuwa amesafiri kwa binti yake mkubwa, nikakipandisha juu ya kabati lake karibu na dirisha, taa ikageuka bluu na kila kitu kikafunguka, basi nikakiacha hapohapo.

Mama aliporudi alikitazama, akanitazama na mimi, akaenda kuoga. Kuanzia hapo kila siku baada ya chakula cha mchana mtandao unakatika, mlango wake umefungwa kwa ndani, na jioni nikimuuliza kwa heshima zote ananijibu kwa upole kwamba kilikuwa kimepata moto, amekipumzisha. Nilimwomba mke wangu azungumze na mama yake, akaniambia nizungumze naye mwenyewe, nami nikaona aibu mkwe kumsomesha mwalimu, tukaendelea hivyo kwa miezi.

Juzijuzi nikawa na mkutano wa video na mteja mkubwa anayetaka kujenga hoteli ya ghorofa. Nilivaa shati jeupe na tai, na chini bukta, kwa kuwa kamera haifiki huko, na nilipoanza tu kumwonesha ngazi za ghorofa ya pili mtandao ukakata. Nilichanganyikiwa, Shangazi. Nikazunguka nje, nikakuta dirisha la mama liko wazi, nikapanda juu ya matofali, nikaingiza mkono haukufika, nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikanyoosha kidole mpaka nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, na papo hapo sanduku la nguo lililokuwa juu ya kabati likaporomoka, mama akazinduka usingizini akapiga ukunga wa mwizi.

Majirani walifika haraka kuliko kifurushi chochote nilichowahi kununua. Mama alikuwa anaiona nusu yangu yenye tai, wao wanaiona ile yenye bukta, na fundi baiskeli wa nyumba ya pili akanishika miguu akanivuta kama gurudumu lililokwama. Kibaya zaidi, modemu ilikuwa imeshawaka, kwa hiyo mteja alirudi hewani kwenye kompyuta sebuleni akasikia kila neno, hadi pale fundi alipouliza, "Huyu si mkwe? Anatafuta nini chumbani kwa mama yake?"

Bosi ameniandikia kwamba mteja anaomba mchoraji anayeishi mahali penye utulivu, na kwamba nisipokuwa na mtandao wa kueleweka mwezi huu ukiisha nitafute kazi nyingine. Mjomba wa mke wangu akaitisha kikao cha familia, nikaeleza mambo ya mawimbi na mnara, akasema yeye ana redio tangu ujana wake na haijawahi kumpandisha dirishani. Mama mwenyewe alisema jambo moja tu: "Aniombe msamaha mbele ya walioiona miguu yake." Modemu ameifunga ndani ya kitenge, mke wangu analala na mtoto, na mimi naona nimeonewa, kwa sababu nilikwenda kubonyeza kitufe tu, tena cha kifaa changu. Je, niombe msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya, au nirudi mjini peke yangu?

Mimi,
Mchoraji Nyuma ya Banda

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuvutwa miguu. Nimecheka, sikufichi, kisha nikasoma tena na kicheko kikaisha.

Umeingia chumba cha mwanamke mtu mzima akiwa safarini, ukaweka juu ya kabati lake taa inayomkodolea macho ya bluu usiku na mchana, na hukumwomba wala kumwambia. Halafu unashangaa anaizima. Anaizima baada ya chakula cha mchana kwa sababu anataka kulala, na hilo hata mjomba mwenye redio angekwambia. Ila yeye ni mstaarabu, akakutafutia kisingizio cha moto ili usiaibike. Ukamlipa kwa kujipenyeza dirishani kwake na tai.

Kosa unalo, usilitafute mbali. Mwombe msamaha, na mbele ya majirani kama alivyosema, fundi baiskeli akiwemo. Usiseme "kama nimekukosea". Sema umemkosea, kisha unyamaze. Na uvae suruali.

Mambo ya kazi sasa. Wewe unalipwa kuchora nyumba za watu, na hukukumbuka kwamba ukuta una upande wa nje? Kama mtandao unashika kabatini karibu na dirisha, ujue mnara uko upande huo. Mtafute fundi wa antena, asimamishe mlingoti nje, juu ya paa, afunge antena ya modemu na kuielekeza mnarani, halafu waya uingie sebuleni na kisanduku kikae huko, mbali na kitanda cha mtu. Mwambie bosi wako wiki hii hii kwamba unalirekebisha, na ya dirishani usimweleze, mteja ameshamsimulia.

Kurudi mjini peke yako usikufikirie. Huko utapata mtandao mzuri wa kumpigia mke ambaye hatapokea.

Lakini kabla ya mlingoti, kabla ya fundi, kaa na mama. Barua yako imenieleza taa, laini, mawimbi na mnara, na mimi nimekuelewa vizuri sana. Yeye mwenye chumba hujamweleza hata siku moja kwamba kile kisanduku ndicho kinachomlisha mjukuu wake. Nenda kamweleze leo, asubuhi, akiwa macho.