Hema Lisilohitaji Vigingi

Babati,
21 Agosti 2005

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Patriki, Maretadu.

Shikamoo Baba. Shikamoo kwa Mama pia, naomba umfikishie kabla hajaanza kukuuliza barua inasemaje. Hali yako ikoje, na lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa kuvuna linaendeleaje? Ng'ombe hawajambo? Mahindi mmeshayapukuchua yote? Mimi ni mzima kabisa, ila nina malengelenge mawili miguuni ambayo kwa kweli najivunia. Naomba uvae miwani uisome barua hii mwenyewe. Usimpe Hilda akusomee, maana huyo mdogo wangu akifika penye utamu husoma kimoyomoyo, wewe akakuachia salamu tu.

Najua hatujaandikiana tangu Pasaka. Siku ile nilipokueleza kwamba ofisi moja ya utalii hapa Babati inatafuta mtu wa kuongoza wageni wanaotembea kwa miguu, na kwamba kazi yenyewe ni ya kulala nje, ulisimama mlangoni ukaniambia: "Siku utakayolala porini bila ukuta, usigonge mlango huu tena." Mimi nikabeba begi nikaenda kupanda basi. Baba, wewe si mtu wa kutamka neno halafu ukalimeza, na mimi tabia hiyo nimeitoa kwako. Kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho, ndipo uamue kama nyumbani bado ni nyumbani kwangu.

Kwanza nikueleze kazi, maana nikiichelewesha nitapasuka. Tangu tupate mkoa wetu, Babati imejaa ofisi na vibao, na wageni ambao zamani walikuwa wakiishia Arusha wameanza kusikia habari za mlima Hanang. Mkuu wetu, Bwana Joakimu, alitaka kufungua njia ya miguu kutoka Katesh, kupitia Basotu na Haydom, mpaka Mbulu. Akasema anayetaka kuwa kiongozi wa njia hiyo aitembee kwanza peke yake, siku sita, na mzigo wake mgongoni, aandike kwenye daftari maji yako wapi na mtu anaweza kulala wapi. Tena hema alichague mwenyewe, kwa sababu litakalomfaa yeye ndilo ofisi itakalowanunulia wageni. Tulijitokeza wawili, mimi na dereva wao, Onesphory. Nikapewa nafasi ya kwanza. Hebu fikiria Baba, mimi ambaye hata jembe nilikuwa nachaguliwa, leo naambiwa nichague nyumba ya kulala watu.

Stoo kulikuwa na mahema matatu. La kwanza lilikuwa turubai la wajenzi wa barabara, lenye nguzo za chuma. Hilo linataka punda, na punda mwenyewe awe mwenye roho nzuri. La pili lilikuwa la kijani, lina ufito mmoja tu unaopinda, na vigingi vinane vya kulivutia huku na huku. Ukilikunja unalitia kwapani. La tatu lilikuwa la njano, lina fito mbili zinazopishana juu. Unazichomeka kwenye pembe nne na hema linasimama lenyewe, hata sebuleni, hata juu ya meza. Nikayabeba hayo mawili mepesi mpaka sokoni kwa Philomena, muuza maharage, nikamwomba mizani yake. Wateja wote wakasogea kutaka kujua nauza nini. La kijani kilo moja na robo, la njano kilo mbili na robo. Kilo nzima, Baba. Joakimu akasema kilo moja ni kitu gani. Nikamjibu kwamba anaweza kusema hivyo kwa sababu hataibeba yeye. Nikachagua la kijani na nikatamba nalo ofisi nzima.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga, tena ujinga ambao mtoto wako hakutakiwa kuufanya.

Nilitoka Katesh alfajiri, mlima nikiuacha nyuma yangu, upepo wa Agosti ukinisukuma. Nilikuwa naimba, kusema kweli. Jioni nikaingia kwenye malisho ya wafugaji, nikaona mahali pasafi, pa tambarare, nikatua mzigo, nikaokota jiwe nikaanza kupigilia vigingi. Nilipomaliza cha nane nikainua kichwa, nikakuta wanaume wanne wamesimama na fimbo zao. Niliwasalimu, hawakuitikia. Akaja bibi mmoja mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, akakaa chini kando ya kigingi nilichoanza nacho, akakitazama. Nikampa shikamoo. Akazungumza kwa lugha yao, polepole, na mkwe wake aitwaye Eva akawa ananitafsiria.

Bibi alisema kwamba mtu wa mwisho kupigilia vigingi pale, miaka mingi iliyopita, naye alidai anapumzika tu. Alipumzika, akaondoka, na baada yake likaja trekta, ikaja ngano, na wao wakahamishwa na ng'ombe wao. Na siku hizi, alisema, wanasikia tena habari za wawekezaji. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniomba tu niving'oe mwenyewe, kwa mkono wangu, kimoja kimoja, na matundu niyafukie.

Aibu niliyoipata sijui niieleze vipi. Nilikukumbuka wewe, Baba, siku walipopita wapimaji wa barabara, ulivyochukua kigoda ukakaa kwenye kona ya shamba tangu asubuhi mpaka walipoondoka, hata chakula Mama akakuletea palepale. Kwetu sisi, au kwa wale wafugaji, nani asiyejua kwamba kigingi kikiingia ardhini kuna mtu ameshasema hapa ni pake? Nilijua tangu utotoni. Ila siku hiyo nilikuwa nawaza kilo tu. Nikang'oa vyote vinane na hema likalala chini kama shuka. Eva akanikaribisha nyumbani kwake, wakanipa maziwa, na asubuhi nikarudi Katesh, kisha Babati, kichwa chini.

Joakimu alikasirika. Alisema kama wageni wangekutwa na jambo kama lile, ofisi ingefungwa kabla haijapata jina, na akawa tayari kumpa njia Onesphory. Nilimwambia kosa halikuwa la miguu yangu, lilikuwa la kichwa na la hema, na vyote viwili vinabadilishika. Akanipa nafasi moja ya mwisho. Nikalichukua la njano, nikalifanyia mazoezi chumbani kwangu mpaka nikawa nalisimamisha kabla chai haijapoa. Ile kilo ya ziada niliitafuta kwenye mzigo: nikaacha viatu vya pili, sufuria kubwa na kioo. Kioo kiliniuma kidogo.

Nikarudi kwa bibi yuleyule. Safari hii nilianza na hodi, nikaomba mahali, ndipo nikafungua mzigo mbele yake. Fito zikapita, pembe nne zikashika, hema likainuka. Bibi akalizunguka akitafuta vigingi. Akainua ukingo kwa fimbo yake, akachungulia chini. Kisha akashika upande mmoja, Eva akashika mwingine, wakalinyanyua hema zima, wakalitikisa, wakaenda nalo wakaliweka karibu na boma lao, kwa sababu ya fisi. Bibi alicheka mpaka akajishika kiuno. Alisema nyumba ile inakaa kama ng'ombe aliyelala: akiinuka ameinuka, mahali panabaki pa mwenyewe. Wajukuu wake saba wakaingia kwa pamoja, na zipu iliponea chupuchupu.

Asubuhi nilifungua ile zipu nikiwa bado nimelala, na mlima wote ulikuwa pale, mwekundu kwa jua, kana kwamba umesogezwa usiku. Nilikunywa chai yangu peke yangu, hakuna wa kuniharakisha, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata mahali popote, Baba. Nakuambia hivyo ilivyo, kwa sababu uliwahi kudhani nilikwenda kutafuta uhuni.

Nisikudanganye, hema lina kasoro yake. Kwa kuwa halijashikwa na ardhi, upepo nao hulitamani. Basotu nililiacha tupu nikaenda kunawa uso ziwani, nikasikia wachunga ng'ombe wanapiga kelele, nikageuka nikaliona linaviringika kuelekea majini. Nililikimbiza bila viatu. Lingezama kama lisingemkuta ndama njiani likamfunika, naye kwa mshangao akasimama kimya mpaka nikafika. Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria kwamba kitu cha kwanza kuingia ndani ni mzigo, ndipo mambo mengine yafuate. Nimeiandika kwenye daftari, ila habari ya ndama sikuiandika. Haydom walinipa mahali uani kwa parokia, na kina mama waliokuja kuuguza wagonjwa wao hospitalini wakataka kujua kama linauzwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya niichane barua hii mara tatu. Siku ya tano nilifika Maretadu. Kwenye daftari nimeandika "Maretadu, pa kulala papo", na Joakimu hakuuliza ni wapi. Jua lilikuwa linazama, moshi unatoka jikoni kwa Mama, na nilimsikia Hilda akigombana na kuku. Nilifika mpaka kwenye uzio wa minyaa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kupiga hodi, Baba. Ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshalala porini bila ukuta, tena si mara moja, na neno lako lilikuwa limeshatimia. Sikutaka kukulazimisha uchague kati yangu na neno hilo mbele ya Mama. Nikashuka shambani, nyuma ya rundo la mabua, nikasimamisha hema langu kwenye majani. Nikalala nyumbani kwetu kama mpita njia. Mbwa alikuja, akaninusa, akajilaza mlangoni pangu bila kubweka. Usimlaumu, alinitambua.

Alfajiri ulikuja zizini kuwafungulia ng'ombe, na ukaanza kusali kama unavyosali siku zote, kwa sauti, ukitutaja mmoja mmoja. Ulimtaja Maximilian. Ulimtaja Abel. Wa tatu ni mimi. Ukanyamaza. Ulinyamaza muda mrefu, na mimi nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, nikiamini umeniruka umeenda kwa Hilda. Kisha ukasema:

"Na Doris, Bwana. Nilimfungia mlango kwa mdomo wangu, na sijui namna ya kuufungua. Popote alipolala leo, mfunike."

Nilikuwa hatua ishirini kutoka ulipokuwa. Nililia mpaka kitambaa cha hema kikalowa, na sikutoka, kwa sababu maneno yale hukuwa unaniambia mimi. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, Baba: kwamba niliisikia sala yako bila ruhusa, na nikaondoka bila kukusalimu. Ulipowapeleka ng'ombe majini, nilikunja hema nikashika njia ya Nambis. Sikuacha alama nyingine ila majani yaliyolala. Hilda amenitumia habari kwa kondakta wa basi kwamba ulimfokea jirani yetu Bura, ukisema punda wake amelala shambani kwako. Tafadhali mwombe radhi mzee wa watu. Punda huyo ni mimi.

Kazi nimeipata. Jumamosi ya tarehe 3 Septemba nitapita Maretadu na wageni wanne, wa kwanza kabisa. Wao watalala kwenye mahema yao, katika uwanja wa kanisa. Mimi nitakuja mpaka mlangoni nibishe hodi. Sikuombi urudishe neno lako, wala uzungumze lolote kuhusu Pasaka. Wewe itikia tu "karibu", kama unavyomwitikia mtu yeyote anayepita, na mimi nitaingia nikupe shikamoo yako kana kwamba nilikuwa nimetoka kuteka maji.

Mpe Mama mkono wangu, na umwambie asichinje kuku, wageni wana chakula chao, isipokuwa kama moyo wake utakataa. Hilda mwambie nilimsikia alivyoshindwa na yule jogoo. Mungu awatunze wote, na goti lako lipone kabla ya kulima.

Na kulikuwa na baridi kali asubuhi ile, Baba, wewe mwenyewe uliiona. Mimi sikuisikia. Nilikuwa nimefunikwa.

Ni mimi binti yako,
Doris Patriki